Laptopu yako na virusi: cha kufanya kabla hujatoa hela ya antivirusi

Wakuu, swali la "niweke antivirusi gani" linaulizwa kila siku na majibu yake huwa ni majina tu, huyu anasema Kaspersky, yule anasema Avast, mwingine anakuja na ile ya antivirusi ni kupoteza hela we kuwa makini tu inatosha. Wote wanajibu kabla hawajajua mashine yenyewe ikoje. Ina Windows gani, aliyeipiga hiyo Windows alitoa wapi faili lake, inatumiwa na watu wangapi, na flashi zinazoingia humo zinatoka kwa nani, hayo ndo yanaamua, jina la antivirusi linakuja mwisho kabisa.

Msimamo wangu nausema mapema. Kama laptopu ni ya kwako peke yako, Windows yake ni safi na inaapdetiwa, huhitaji kununua antivirusi, ile iliyomo ndani inatosha ukiongezea tabia nzuri, hiyo hela nunulia SSD (diski ya kasi) au diski ya bakapu. Ila kama mashine inaguswa na kila mtu, steshenari, mapokezi ofisini, maabara ya kompyuta shuleni, hapo tabia ya mtu mmoja haisaidii kitu maana wewe utakuwa makini na mteja anayefuata hatakuwa, hapo lipia.

Anza hivi. Bonyeza Start, andika Windows Security, ifungue, nenda "Virus & threat protection". Tangu Windows 8 iliyotoka 2012 Microsoft wanaweka antivirusi yao ndani ya Windows yenyewe, inaitwa Defender, hulipii na wala huiinstoli. Ukikuta alama ya kijani iko kazini. Ukikuta imezimwa kuna sababu mbili za kawaida. Ya kwanza, kuna antivirusi nyingine humo, maana ukiweka ya pili Defender inajiweka pembeni yenyewe, na mara nyingi hiyo nyingine ni ya majaribio iliyokuja na mashine, muda wake umeisha, kila ukiwasha inakudai hela na haina apdeti mpya. Hiyo itoe, zima na kuwasha mashine, Defender inarudi. Sababu ya pili ni kwamba kuna mtu aliizima kwa makusudi, na huyo mtu mara nyingi ni fundi.

Hapo kwa fundi ndo penye tatizo la watu wengi hapa Dar kwa hiyo tukae kidogo. Laptopu unaichukua Kariakoo, ya mtumba, nzima kabisa, halafu unaambiwa subiri tukupigie Windows na Office, nusu saa tayari. Kinachotumika pale ni kraki, yaani programu ya kuvunja leseni ili utumie bila kulipia, na maelekezo ya karibu kila kraki yanaanza na sentensi ileile, zima antivirusi kwanza kisha endesha hili faili kama administrator. Yaani faili lililotengenezwa na mtu usiyemjua linapewa mamlaka yote juu ya mashine yako wakati mlinzi kazimwa. Sisemi kila kraki ina virusi. Nasema huna njia ya kujua ipi inayo, na wahalifu wanajua vizuri kwamba watu wanaotafuta kraki wameshazoea kuzima antivirusi wakiambiwa. Kuna familia ya virusi inaitwa STOP, wengine wanaiita Djvu, inafunga mafaili yako yote halafu inadai hela ndo uyafungue, na hiyo imesambaa kwa miaka kadhaa kwa njia hiyohiyo, programu za kraki na vile vitengeneza funguo, waliolia zaidi ni watu wa kawaida majumbani, sio makampuni makubwa.

Cha kuangalia leo hii: humohumo kwenye "Virus & threat protection" bonyeza "Manage settings", shuka mpaka chini utaona "Exclusions". Hiyo ni orodha ya folda ambazo Defender imeambiwa isiziguse. Kwenye mashine ya kawaida ambayo hujaichokonoa orodha hiyo inatakiwa iwe tupu. Kraki nyingi zinajiandika humo, kwa hiyo unaweza ukawa na alama ya kijani kabisa, unalala vizuri, kumbe kuna folda, au saa nyingine diski C nzima, haikaguliwi. Futa kila usichokijua. Hakikisha pia "Tamper Protection" iko on, hiyo inazuia programu kuizima Defender kimyakimya.

Halafu jambo ambalo wengi hawaambiwi, hizi laptopu za ofisini za Ulaya zinazojaa mjini, EliteBook, Latitude, ThinkPad, nyingi zilitoka kiwandani na leseni ya Windows ambayo ufunguo wake umo ndani ya ubao wa mashine. Ukiingiza Windows safi ya toleo lilelile, mfano Pro kwa Pro, kutoka tovuti ya Microsoft, ukiruka pale wanapoomba ufunguo, ikishaona intaneti mara nyingi inajiaktiveti yenyewe. Kwa hiyo mwambie fundi wako, bosi naomba unipigie kwa flashi hii, umpe flashi uliyoiandaa mwenyewe kwa Media Creation Tool, programu ya Microsoft ya kutengeneza flashi ya Windows. Hata ikigoma kujiaktiveti, Windows hiyo inaendelea kupokea apdeti za usalama, utaona maandishi pembeni ya skrini na hutaweza kubadilisha picha ya ukutani, basi. Mimi naona hiyo ni afadhali mara mia kuliko kraki. Upande wa Office, LibreOffice ni bure, Google Docs ni bure, na Word ya kwenye brauza ya Microsoft nayo ni bure.

Sasa toleo la Windows. Windows 7 iliachwa Januari 2020. Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft wakaweka utaratibu wa kujiandikisha upate apdeti za usalama hadi 13 Oktoba 2026, na kujiandikisha kunawezekana bila kulipa ukisawazisha mipangilio ya mashine na akaunti ya Microsoft. Defender yenyewe kwenye Windows 10 wameahidi itaendelea kupata taarifa za virusi vipya mpaka Oktoba 2028, ila usichanganye, kujua virusi vipya ni kitu kimoja na kuziba matundu ya Windows ni kitu kingine. WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili cha Mei 2017, ilionesha hilo, ilienea nchi zaidi ya 150, ilisimamisha mpaka hospitali za Uingereza, na lile tundu ililopitia, Microsoft walikuwa wameshaliziba Machi, miezi miwili kabla. Waliopigwa ni wale ambao hawakuapdeti. Hawakubonyeza kitu wala kufungua faili lolote, kirusi kilikuwa kinatembea chenyewe kwenye mtandao, na hapo ndo unaona kuwa makini peke yake kuna mahali hakufiki.

Ukienda kununua mtumba sasa hivi angalia prosesa kwanza. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda mbele, na TPM 2.0, kile kichipu cha usalama cha ndani ya mashine. EliteBook 840 G3 ina kizazi cha 6, haimo. G5 na ThinkPad T480 zenye kizazi cha 8 zimo, ila ziko chache zenye kizazi cha 7, hizo hazimo. Kama tayari unayo ya zamani na huna mpango wa kubadilisha, ipige Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, kwa kazi za kuandika, brauza na muziki inatosha kabisa na itakuwa nyepesi.

Shida yetu kwenye apdeti ni bando, tuseme ukweli. Mtu anawasha hotspoti ya simu dakika kumi, anatuma imeili, anazima. Wengine wameweka ile "Metered connection" ili Windows isile bando na kweli haili, ila apdeti nyingi nazo zinasubiri humo miezi. Fanya hivi, apdeti kubwa za Windows zipe siku moja kwa mwezi ukiwa kwenye waifai, ofisini, chuoni, kwa ndugu mwenye intaneti ya nyumbani. Taarifa za virusi za Defender zenyewe zinatoka mara kadhaa kwa siku na ukiwa unazichukua mara kwa mara ni ndogo, ingia "Protection updates" ubonyeze "Check for updates" ukiwa na bando kidogo. Ukikaa muda mrefu bila kuchukua, kifurushi kizima kinazidi MB 100, kinapatikana tovuti ya Microsoft, unaweza kukipakua penye waifai ukaja nacho.

Na hapa kuna jambo la muhimu kuliko watu wanavyodhani. Defender inategemea sana intaneti wakati wa kukagua, inaliuliza wingu la Microsoft hili faili mnalijua. Taasisi ya AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, inapima antivirusi zikiwa na intaneti na zikiwa hazina, na Defender ni moja ya zile ambazo matokeo yake yanashuka intaneti ikikatwa. Kwetu sisi hiyo ina maana kubwa maana flashi yenye virusi mara nyingi inachomekwa mashine ikiwa haina bando. Kwa hiyo kabla hujachomeka flashi ya mtu washa data kwanza, halafu ndo ukague.

Flashi sasa. Hakuna mtu wa Dar ambaye hajakutana na hii, umetoka steshenari kuprinti, unachomeka flashi nyumbani unakuta mafolda yote yamekuwa shotikati, au flashi inasoma imejaa na ukiifungua haina kitu. Mafaili hayajafutwa, wakuu, msiformati haraka. Kirusi kinayaficha mafaili halisi kisha kinatengeneza shotikati zenye majina yaleyale, ukibonyeza ile shotikati inaendesha kirusi kwanza halafu inakufungulia folda lako la kweli, wewe unaona kila kitu kiko sawa na mashine yako imeshaambukizwa, na kila flashi itakayoingia baada ya hapo inaondoka nacho.

Ukikutana nayo usibonyeze shotikati hata moja. Fungua This PC, bonyeza kulia juu ya herufi ya flashi, chagua kuskani na Defender, subiri imalize. Kisha fungua Command Prompt, na kama flashi yako ni herufi E andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Herufi ibadilishe kulingana na mashine yako. Mafaili yatarudi kuonekana, nakili unayoyahitaji, PDF, Word, picha, shotikati na faili lolote usilolijua liache hapohapo, halafu ndo uformati. Na kama shotikati ulishazibonyeza kabla, mashine nayo ina kazi, endesha "Microsoft Defender Offline scan", hiyo inazima mashine na kukagua kabla Windows haijawaka ili kirusi kisipate nafasi ya kujificha.

Kuzuia ni rahisi zaidi. Kitu cha kuprinti kigeuze PDF, kitume kwa imeili au WhatsApp ya steshenari, flashi ibaki mfukoni. Usifungue Gmail yako wala WhatsApp Web kwenye mashine ya pale, tuma kutoka kwenye simu yako, na ukishachukua karatasi zako mwombe dada au kaka wa pale alifute lile faili, maana desktopu za steshenari zimejaa vyeti na vitambulisho vya NIDA vya watu na hakuna anayeona kama ni tatizo. Kama lazima uende na kitu mkononi tumia memori kadi kubwa ya kamera, au ile ndogo ndani ya adapta yake, ubavuni ina kiswichi cha kufunga, ukikisogeza kwenye lock visomeo vingi vya kadi vinakataa kabisa kuandika kitu juu yake. Flashi za kawaida hazina hicho kiswichi.

Upande wa intaneti, kwanza onesha mwisho wa majina ya mafaili. Fungua File Explorer, View, Show, weka tiki "File name extensions". Windows inaficha hiyo sehemu, kwa hiyo faili la oda ya manunuzi linaloitwa LPO mpya.pdf.exe, ambalo kwa kweli ni programu, wewe unaona LPO mpya.pdf na ikoni nyekundu ya PDF, unabonyeza. Wenye biashara ndogo na mawakala wa mizigo bandarini wawe macho zaidi hapa, imeili ya ankara, ya mzigo umefika, ya tunaomba bei, yenye zipu yenye paswedi na paswedi imeandikwa humohumo kwenye imeili. Hiyo paswedi imewekwa ili antivirusi zisiweze kuona kilichomo. Faili likikutia shaka lipeleke tovuti ya VirusTotal, litakaguliwa na antivirusi nyingi kwa pamoja bure, ila usipeleke nyaraka za siri kule maana mafaili yanashirikishwa na makampuni mengine.

Siku ya Simba na Yanga watu wanatafuta linki za kuangalia mechi bure na hapo ndo inapoanza ile ya "kompyuta yako ina virusi, bonyeza hapa" kila dakika kwenye kona ya skrini. Mara nyingi sio kirusi. Uliruhusu tovuti ikutumie notifikesheni pale ilipokwambia bonyeza Allow kuthibitisha wewe sio roboti. Ingia seting za brauza, notifikesheni, ondoa tovuti zote usizozijua, inaisha hapo. Weka na uBlock Origin, kizuia matangazo cha brauza, kwenye Firefox inafanya kazi kamili, Chrome kuna toleo la Lite, inakuondolea vile vitufe vya uongo vya Download kwenye tovuti za muvi na inaokoa na bando.

Kuna mambo ambayo hakuna antivirusi itakayokuokoa, iwe ya bure au ya laki. Meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" haina kirusi ndani yake, peleka kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na usijibu. Mtu akikuomba namba sita zilizoingia kwenye simu yako anataka WhatsApp yako, weka PIN ya hatua mbili leo. App za mikopo nazo, Benki Kuu Novemba 2024 ilitoa orodha ya app 69 zisizo na leseni, na zile zilizokuwa zinawasumbua ndugu na jamaa za mkopaji ziliyapata majina kwa ruhusa ambayo mwenye simu aliibonyeza mwenyewe. Kwenye simu acha Play Protect, ukaguzi wa Google uliomo ndani ya Play Store, iwe on, usiweke APK (mafaili ya app) za kutumiwa WhatsApp, inatosha.

Haya, sasa wale wa kununua. Mwenye steshenari, shule, ofisi ya mashine kadhaa, tafuta inayokagua flashi yenyewe pale tu inapochomekwa, Defender haifanyi hivyo, yenyewe inakagua faili linapofunguliwa. Angalia matokeo ya AV-TEST, taasisi nyingine ya kupima antivirusi, na AV-Comparatives, yako wazi bure, na usiangalie alama za kukamata virusi tu, soma pia jinsi inavyolemea mashine, maana ya RAM GB 4 na diski ya zamani itastaki kutwa nzima. Jua pia kwamba Norton, Avast, AVG na Avira zote siku hizi ni za kampuni moja, Gen Digital. Na za bure zina bei yake: Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza Avast walipe dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za tovuti ambazo watumiaji wao walitembelea. Kaspersky inafanya vizuri kwenye vipimo, ila Marekani walipiga marufuku kuuzwa kwake mwaka huohuo wakihofia serikali ya Urusi, hivyo kama ofisi yenu inafanya kazi na wafadhili wa kule ulizeni kwanza kabla ya kulipa. Ukinunua boksi dukani, ufunguo uwe haujakwanguliwa na uaktiveti hapohapo mbele ya muuzaji.

Usiweke antivirusi mbili kwa pamoja, zitagombana. Antivirusi inakaa ndani kabisa ya Windows, tarehe 19 Julai 2024 apdeti moja mbovu ya CrowdStrike iliangusha mashine kama milioni 8.5 duniani, na hiyo ni kampuni ya ulinzi.

Mwenye steshenari aongeze na haya, kila mteja atumie akaunti isiyo ya administrator, na aangalie Deep Freeze, programu inayorudisha mashine ilivyokuwa kila ikiwashwa upya, internet café nyingi zimeitumia miaka mingi kwa sababu hiyo. Mafaili ya ofisi yakae kwenye mashine nyingine.

Na bakapu, hasa ninyi mnaoandika tasnifu pale Mlimani, IFM, DUCE, kila muhula kuna mtu analia. Google wanakupa GB 15 bure, OneDrive GB 5, tasnifu haifiki hata MB 50. Nakala ya pili weka kwenye diski ya nje, na ukimaliza kunakili ichomoe, maana kirusi kinachofunga mafaili kinafunga na diski iliyochomekwa. Kama kimeshakupata, kata intaneti, chomoa kila kitu, usilipe haraka, nenda kwenye mashine nyingine safi ufungue tovuti ya No More Ransom, inaendeshwa na Europol, shirika la polisi la Ulaya, pamoja na polisi wa Uholanzi na makampuni ya usalama, ina vifungulio vya bure vya aina nyingi, zikiwemo baadhi za STOP. Hifadhi mafaili yaliyofungwa hata kama kifungulio chake hakipo leo, vingine vimetoka baadaye, na Windows pigeni upya kwa faili safi kabla hamjarudisha chochote.